"Mchezaji wa ndani" ni yupi?

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari, Morogoro. Huwa nawaandikia wanafunzi habari fupi za wanamichezo wa nje, tunazibandika ubaoni. Safari hii niliandika kuhusu mcheza besiboli: "Luis Aparicio ni mchezaji wa ndani wa Venezuela. Aliibia besi 506, akauzwa Baltimore mwaka 1963, akatundika daluga 1973." Mwalimu mwenzangu akaniuliza kama huyu bwana aliwahi kutoka kwao, na Baltimore ni mtaa gani wa huko Venezuela. Nimekosea wapi?

Jibu: Mwenzako hakusoma vibaya, mwalimu. Tatizo ni kwamba mpira wa miguu ulishalichukua neno lako zamani. Kwa anayefuatilia taarifa za michezo, "mchezaji wa ndani" ni yule anayecheza ligi ya nchini kwake. Agosti 2025, CHAN ilipochezwa Kenya, Tanzania na Uganda, maneno hayo hayakukauka redioni: wachezaji wa ndani, ligi za ndani. Ulipoongeza "wa Venezuela" ukamfungia Aparicio Maracaibo, alikozaliwa mwaka 1934, na ilhali jina lake lilikulia Marekani. Alianza na Chicago White Sox mwaka 1956, akacheza ligi kuu ya huko misimu 18, na mwaka 1984 akawa Mvenezuela wa kwanza kuingizwa katika Jumba la Heshima la besiboli.

Najua ulichokusudia. Katika besiboli kuna walinzi wanaosimama karibu na besi, vile vituo ambavyo mkimbiaji huvikimbilia kimoja baada ya kingine, na wengine watatu wanaokaa mbali nyuma yao kusubiri mipira mirefu. Hao wa karibu ndio wako "wa ndani". Unaweza kufikiri dawa ni "mchezaji wa uwanja wa ndani", lakini hapo utakuwa umeruka mkojo ukakanyaga mavi: uwanja wa ndani kwetu ni ule wenye paa, wa kikapu na ndondi.

Mimi ningeandika "mlinzi wa besini". Neno la kigeni halikatai kiambishi -ni. Tunasema ofisini, benkini, golini. Tena -ni ina faida moja: haidai mtu awe juu ya kitu chenyewe. Tukisema wageni wako mezani, hakuna anayedhani wamepanda juu ya meza. Hilo linamfaa sana Aparicio, maana yeye hakuwa na besi ya kulinda. Alikuwa shotistopu, yaani anayeziba pengo kati ya besi ya pili na ya tatu, mahali ambapo mpira mkali wa chini hupenda kupenya. Baba yake, Luis Aparicio Ortega, alicheza nafasi hiyohiyo, na Novemba 1953 alimpisha mwanawe uwanjani palepale Maracaibo. Kijana alipofika ligi kuu hakupangwa kulinda kwingine hata mara moja hadi alipostaafu. Kwa hiyo ukiwa na nafasi, taja "shotistopu" na ueleze pengo lenyewe. Wanafunzi wataona picha.

Na hiyo "wa Venezuela" ifanye "Mvenezuela". Kiunganifu "wa" kinabeba mengi mno: mchezaji wa Simba anaweza kuwa Mkongo.

Sasa besi 506. Hapa kosa ni la herufi moja tu, lakini limegeuza kesi. Kuiba huchukua kilichoibwa: aliiba kuku. Kuibia huchukua aliyeibiwa: alimwibia jirani kuku. Ukisema "aliibia besi", besi ndiyo imepoteza mali. Sema "aliiba besi 506".

Wapo wanaoona haya kumwita shujaa mwizi, wakapendekeza "kunyakua". Siwaungi mkono. Mwewe hunyakua kifaranga mchana kweupe, mama kuku akipiga kelele. Mkimbiaji wa besiboli hafanyi hivyo. Anajisogeza hatua moja, mbili kutoka besi ya kwanza, huku akimtazama mrushaji. Mrushaji akishaanza kumtupia mpigaji, jamaa anachomoka, na mpira unaporudishwa kumwahi besi ya pili yeye keshalala chini mguu ukiwa umeigusa. Huo ni wizi, na kwa kazi hiyo Aparicio aliongoza ligi yake, American League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, miaka tisa mfululizo, 1956 hadi 1964. Mwaka 1959 peke yake aliiba besi 56, na Chicago wakatwaa ubingwa wa ligi hiyo.

"Akauzwa Baltimore" pia ina walakini. Baltimore ni mji wa Marekani, si mtaa wa Venezuela. Hakuna aliyelipa bei. Timu mbili zilipeana watu. Chicago waliwatoa Aparicio na Al Smith, Baltimore wakatoa wachezaji wanne, akiwemo mrushaji Hoyt Wilhelm. Ila usikimbilie "alibadilishwa", kwani hapo tena mpira wa miguu umekutangulia: msomaji ataona kibao cha mwamuzi wa akiba pembeni na dakika ya 70. Wape timu kitenzi chao: walibadilishana wachezaji.

Daluga ziache zilivyo. Wacheza besiboli nao huvaa viatu vya meno, na msomaji wako wa Mombasa atasoma "njumu" kimoyomoyo bila kukuuliza.

Ningeibandika hivi: "Luis Aparicio, Mvenezuela, alikuwa mlinzi wa besini, shotistopu. Aliiba besi 506. Mwaka 1963 Chicago na Baltimore walibadilishana wachezaji, naye akaangukia Baltimore. Huko alitwaa ubingwa wa Marekani mwaka 1966. Alitundika daluga baada ya msimu wa 1973, akiwa Boston." Na kama ubao una nafasi, mchoree mwenzako ramani.