Kabla Hujalipia Safari ya Tanga

Nimekwenda Tanga na kurudi Mombasa kwa siku moja mara mbili. Mara ya kwanza tulitembezwa sehemu sita, na hakuna hata moja ninayoweza kukusimulia ukakaa ukasikiliza. Mara ya pili tulifika sehemu mbili na nusu, na mpaka leo nyumbani kwetu bado zazungumzwa. Kwa hivyo mtu akinitumia lile tangazo la matatu ya kukodi, picha ya mapango juu na bei chini kwa herufi nyekundu, swali langu la kwanza si bei. Nauliza: tutasimama wapi, na kwa muda gani?

Hesabu yenyewe si ngumu. Likoni hadi mpakani Lunga Lunga ni kama kilomita 100. Ukivuka, Horohoro ya upande wa Tanzania hadi Tanga mjini ni nyingine 60 na kitu. Lami ni nzuri pande zote mbili, lakini ongeza feri, ongeza vizuizi vya polisi, ongeza mpaka wenyewe, utaona kwenda peke yake ni saa nne au tano. Kurudi ni vivyo hivyo. Ukitoka alfajiri na bado wataka kulala kitandani kwako, umebakiwa na saa sita hivi za kutalii, na humo mna chakula, sala, na yule mtu ambaye kila safari hupotea akitafuta choo. Gawanya kwa sehemu sita uone kinachobaki. Sisi tulifika kwenye magofu ya Tongoni wakati wa Magharibi, mbu wametuandama, dereva apiga honi. Nilipiga picha tano za giza.

Swali la pili ni hili: nani atakayetuongoza ng'ambo? Safari ile ya kwanza tulikuwa na kijana wa kwetu, mcheshi, ajuaye Fort Jesus chumba kwa chumba. Tulipovuka Horohoro akawa mgeni kama sisi. Kule Tongoni alitusomea kwenye simu, na mtandao ulipokatika naye akakatika. Sasa hata sheria imekaza. Mwaka 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara, na kuongoza watalii ni mojawapo. Mwandalizi wa Mombasa asiye na mwenzake wa Tanga anakuuzia kiti cha gari, si ziara. Mwambie akutajie mapema huyo mwenyeji atawapokea wapi na saa ngapi. Akianza kuzungukazunguka, tia pesa zako mfukoni.

Habari ya karatasi ni fupi lakini ndiyo iliyotuua mara ya kwanza. Wengi wetu twadhani kitambulisho chatosha, kwa sababu chatosha kwenda Uganda na Rwanda. Tanzania hawakikubali. Uwe na pasipoti, au hati ya muda kutoka uhamiaji, na mtoto naye awe na yake. Ubebe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kuna wakati hutaulizwa, na kuna wakati utaulizwa na afisa asiye na mzaha. Chanjo yenyewe huanza kuhesabiwa baada ya siku 10, kwa hivyo usiikimbilie Jumatano kwa safari ya Jumamosi. Ukichanjwa mara moja yatosha maisha. Sisi tulikuwa na mke wa binamu yangu aliyekuja likizo na pasipoti ya Uingereza. Sisi Wakenya hatuhitaji viza, yeye ahitaji, na hakuna aliyekumbuka kumwambia aiombe mapema. Watu kumi na watatu tulikaa kivulini tukimngoja mmoja kwa saa moja na nusu. Kama una mgeni wa namna hiyo, mwombee viza kabla, na uhakikishe karatasi yake ya Kenya itamruhusu kurudi.

Ukingoja pale mpakani, kitu kimoja chafaa kukumbukwa. Huo mstari ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886. Wadigo wamo huku na wamo kule, Wasegeju vilevile, na mama muuza matunda aliyekuja dirishani kwetu alimsalimia shangazi yangu kwa Kidigo kabla hajajua sisi ni wa upande gani.

Safari ya pili tuliipanga wenyewe, jamaa na majirani, tukatafutiwa mwenyeji kupitia mtu wa Tanga aliyeoa huku kwetu, Mtongwe. Mzee wa makamo, kofia ya kiua, fimbo mkononi. Jambo la kwanza alilofanya ni kupindua ratiba yetu. Sisi tuliandika Amboni kwanza, kwa kuwa mapango yako njiani, kama kilomita nane kabla ya kuingia Tanga. Akasema hapana, nendeni mbali kwanza, kisha mrudi mkiukaribia mpaka. Mkichelewa, mtakachokikosa ni kile kilicho karibu na njia ya nyumbani. Tongoni iko kusini mwa mji, barabara ya Pangani, karibu kilomita 20. Nimeliweka shauri hilo hata kwa safari zangu za Gedi.

Tongo, kwa wasiojua, ni mahali watu walipopahama. Hilo jina ndilo lililobaki baada ya mji kuisha. Pana msikiti uliobomoka na makaburi zaidi ya 40, mengi ya karne ya 14 na 15, yamejengwa kwa matumbawe na chokaa, na mengine yana minara. Wataalamu wasema hakuna mahali pengine katika pwani yetu yote penye makaburi ya minara mengi hivyo pamoja. Minara mingi imeanguka au imekatika. Mara ya kwanza niliona mawe tu. Mara hii mzee alituita mbele ya mnara mmoja akatuonyesha vishimo vya mviringo. Humo, akasema, mlikuwa na bakuli za Kichina, zimepachikwa kwenye chokaa kama mapambo. Bakuli zimekwenda zao, vishimo vimebaki vikitutazama. Tangu hapo kila mnara niliupitia nikitafuta vishimo.

Kisha akatwambia jambo lililomfanya shangazi akae vizuri kwenye jiwe lake. Mji huu ndio Mtang'ata, na jina hilo hamjalipoteza, kwa sababu lahaja ya Kiswahili ya pwani hii bado yaitwa Kimtang'ata, kama yenu ilivyo Kimvita. Aprili 1498, Vasco da Gama akipita kuelekea Mombasa, meli yake moja, São Rafael, ilikwama kwenye miamba ya karibu na hapa. Ikanasuka, wakaendelea. Januari 1499 wakirudi kutoka India, mabaharia wengi wamekufa kwa maradhi, watu wa kuendesha meli tatu hawatoshi, wakaichoma moto hiyohiyo São Rafael katika maji haya haya.

"Na kwetu Mombasa je?" shangazi akauliza.

"Kwenu, Bi Mkubwa, watu waliogelea usiku wakajaribu kuwakatia kamba za nanga."

Shangazi alifurahi kama aliyekuwa na kisu mkononi yeye mwenyewe.

Haya ndiyo ninayomaanisha ninaposema mwenyeji. Habari za Vasco da Gama tumesoma sote shuleni. Lakini kusimama Tongoni ukaambiwa kwamba bahari hii, mikoko hii, ndiyo waliyoiona siku chache kabla ya kuona minazi ya kwenu, ni habari nyingine.

Adabu. Ubao wa serikali na kibanda cha tiketi visikufanye usahau kwamba hapo ni makaburini. Ingia na salamu ya wafu kama ungeingia makaburi ya mtaani kwenu. Wanawake, bebeni leso ya ziada hata kama mmevaa vizuri, kwa sababu upepo wa pale hauna adabu. Binti mmoja wa msafara wetu alipanda juu ya ukuta wa kaburi ili apigwe picha. Mzee hakumkemea. Alisema tu, "Dada, hapo umesimama kifuani mwa mtu." Alishuka haraka sana. Tena pana watu wanaokuja kuzuru na kuomba, na mara nyingine utakuta dalili zao, chupa ya marashi au kitambaa. Usiguse, na usipige picha ya mtu bila ruhusa. Ukiona ajabu, kumbuka Mbaraki, hapahapa kisiwani mwetu. Ule mnara wa kale umepelekewa ubani na marashi miaka na miaka, na wengi wetu twaupita bila kugeuza shingo. Ushauri wangu, tena haugharimu kitu: nenda Mbaraki wiki moja kabla ya Tanga. Utakwenda Tongoni na maswali.

Ile nusu niliyoitaja ni makumbusho ya Urithi, mjini Tanga, katika jengo la boma la zamani. Tulikuwa na dakika 30 tu. Nilitoka na kisa cha Novemba 1914, Waingereza waliposhusha askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, kupigana na jeshi dogo la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck. Walishindwa. Na katikati ya mapigano nyuki walichokozwa wakawashambulia watu pasi na kuuliza utaifa. Waliosalia walipanda meli wakaja Mombasa. Kwa hayo tu nitarudi, siku nzima.

Chakula mle mjini, samaki na wali wa nazi, msitafute hoteli ya mbali. Sala tulichanganya Adhuhuri na Alasiri tukiwa Tanga. Ukipanga Ijumaa jua kwamba mchana wako umekatika katikati, na ni haki yake ukatike, kwa hivyo mimi huchagua Jumamosi. Pesa badilisha kidogo. Shilingi moja ya Kenya hupata kama 19 au 20 za Tanzania, na usishangae muhogo kuitwa elfu. Fanya hesabu polepole, kwa maana sufuri nyingi hutia watu wazimu, na fanya ukiwa dukani au benki, si kwa vijana wanaokuzunguka mpakani na mabunda. M-Pesa yako ya Kenya usiitegemee kwa wakala wa kule. Mifuko ya plastiki iache nyumbani, imepigwa marufuku kwao tangu Juni 2019 kama kwetu tangu 2017.

Amboni tulifika kama saa tisa na nusu. Ni mapango ya mawe ya chokaa, kadiri ya kumi, na linalotembelewa ni moja. Wanajiolojia hupima umri wa mawe yale kwa mamilioni ya miaka, kama 150 hivi. Hapa nitasema bila kuficha: si kwa kila mtu. Kuna mahali utainama, na mahali utatambaa kwa magoti na viganja. Chini kwateleza, juu mna popo, na harufu yao utaijua. Vaa viatu vya mpira vyenye meno, acha buibui refu kwenye gari uvae suruali na dera fupi, na uwe na tochi yako mwenyewe hata kama mwenyeji anayo. Mwenye pumu au magoti mabovu abaki nje bila haya. Mwandalizi wetu wa kwanza alikuwa amewaambia wazee kwamba ni "matembezi mepesi". Mmoja alikwama katikati, tukamrudisha kinyumenyume.

Ndani pana chumba cha mzimu. Utaona marashi, sarafu, vitambaa vyekundu na vyeupe, masalio ya vyakula. Watu huja kuomba watoto, kuomba afya. Shangazi alikwisha kuulizia habari hiyo njiani na akakata shauri. Alisema Tongoni aliingia kwa sababu pale ni Waislamu wenziwe wamelala. Hapa haingii. Sikubishana naye, na wala usimbishie wa kwako. Safari ya mambo ya dini huwa na watu wa namna zote ndani ya gari moja, na kila mmoja ana mpaka wake pia. Kinachotakiwa ni kumjulisha mtu mapema kitu gani kiko mbele, ili asilazimike kuamua mlangoni mbele za watu.

Mzee akajaribu kumvuta kwa kisa. "Bi Mkubwa, wazee wetu wasema pango hili halina mwisho. Mbwa aliingia hapa akatokea upande wa Kilimanjaro. Na njia nyingine, wasema, yatokea kwenu Mombasa."

"Basi ikiwa yatokea Mombasa," shangazi akasema, akijikalia chini ya mti na dafu lake, "nyinyi tangulieni. Tutaonana Likoni."

Tulitoka baada ya saa nzima, matope mpaka viwiko. Yeye kwa muda huo alikuwa amekwisha kupatana na muuza madafu, wamejuana mpaka kwa ukoo, na nambari ya simu imeandikwa nyuma ya risiti ya tiketi.

Mpakani mara hii tulikaa dakika 40. Likoni tukafika saa tatu na nusu usiku, tukakuta foleni ya magari imepita mbali na ngazi za feri, chombo kimoja tu chafanya kazi. Dereva akazima injini. Watoto wamelala, sisi wengine twajikwaruza matope yaliyokauka. Shangazi akatutazama mmoja mmoja.

"Mngelipita kule chini," akasema, "saa hizi mko kwenu mwala chakula."