Ukiona dalili za kufukuzwa ndani ya miezi ya majaribio, omba kikao mapema

Wiki ya tisa kazini nilifungua kompyuta ya stoo asubuhi nikakuta siwezi kuingiza mzigo kwenye mfumo. Nilichoachiwa ni kuangalia tu. Jana yake nilikuwa naingiza vizuri. Nikampigia kijana anayeshughulikia mfumo, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada, mimi nimeelekezwa tu. Muulize msimamizi wako." Lori lilikuwa limeshaegeshwa mlangoni, dereva ananinyooshea delivari noti nisaini, na mimi nimeganda pale na kalamu mkononi.

Nawaandikia ninyi mlioko kwenye majaribio, mnaosikia tumbo linavuruga kila mkiona bosi kajifungia na ofisa utumishi. Yalinikuta, najua yanavyokosesha usingizi. Ningependa mtu angeniambia siku ile kwamba mfanyakazi wa majaribio nguvu yake iko kabla barua haijaandikwa. Ikishaandikwa, imebaki kidogo sana.

Kosa langu lilikuwa hivi. Kampuni ilikuwa inasambaza sabuni na mafuta ya kupikia, ghala liko Vingunguti, Dar es Salaam, na mimi nilikuwa karani wa stoo. Kiwanda kikabadilisha ufungashaji wa sabuni. Katoni tuliyoizoea ilikuwa na vipande 24, ya mzigo ule ilikuwa na 20, imeandikwa ubavuni kwa maandishi madogo. Delivari noti ilisema katoni 120. Nikazidisha kwa 24 kama nilivyofundishwa, nikaingiza vipande 2,880. Ghalani vilikuwepo 2,400. Watu wa mauzo wakauza vipande 480 ambavyo havipo, gari likaenda Mbagala na oda pungufu, mteja akarudisha mzigo wote. Ongeza hapo kwamba mwezi ule nilikuwa nimechelewa mara tatu. Nilikuwa nakaa kwa dada yangu Gongo la Mboto, na Barabara ya Nyerere wakati huo ilikuwa imefumuliwa kwa ujenzi wa mwendokasi.

Siku tatu za mwanzo baada ya kunyimwa mfumo nilizitumia vibaya. Nilifika alfajiri, nikafagia stoo, nikapanga upya makatoni, nikabaki mpaka saa moja usiku, nikitumaini bosi ataona juhudi. Hakuona, kwa sababu hakuna aliyekuwa amelalamika kwamba stoo ni chafu. Wengi tunafanya hivi. Tukihisi kazi inayumba tunaongeza bidii popote pale mikono inapofika, badala ya kuuliza ni wapi hasa panavuja.

Dada ndiye aliyenitoa huko. Aliona sahani yangu inarudi na chakula, akaniuliza mpaka nikasema. Akaniambia, "Kama kuna neno, kaliulize. Huenda hata silo hilo unalolidhani."

Kesho yake nikaenda mlangoni kwa msimamizi. Maneno nilikuwa nimeyaandika kwenye daftari usiku ili woga usiniharibie: "Shikamoo bosi. Naomba dakika kumi zako leo, muda wowote utakaokufaa. Nimeona nimeondolewa kwenye kuingiza mzigo, nimeelewa kuna wasiwasi na kazi yangu. Naomba unieleze ni nini hasa, nirekebishe." Hakujibu mara moja. Akavuta droo, akatoa karatasi iliyokunjwa mara mbili. Ilikuwa na tarehe, zimeandikwa kwa kalamu ya bluu, kila moja na kosa lake. Karatasi hiyo ilikuwa iende kwa ofisa utumishi Ijumaa. Siku ile ilikuwa Jumatano.

Sabuni ilikuwepo. Kuchelewa kulikuwepo, siku zote tatu. Lakini mstari wa mwisho sikuutarajia kabisa. Siku hesabu ilipogoma, aliponiuliza tofauti imetoka wapi, nilijibu "sijui" nikaenda kula. "Hili ndilo lililonikera," akasema. "Kukosea hata mimi nimekosea. Lakini mtu wa stoo hasemi sijui akaondoka."

Mimi nilikuwa nimejiandaa kujitetea kuhusu vipande 20 na 24, na kuhusu foleni. Nisingeuliza, ningeondoka kazini nikiamini nimefukuzwa kwa ajili ya sabuni.

Kwa hiyo ukiingia kwenye kikao kama hicho, usianze na utetezi. Hata kama foleni ni ya kweli, na kweli ilikuwepo, sentensi ya kwanza ikiwa ni foleni bosi anaacha kusikiliza. Sikiliza mpaka mwisho, andika mbele yake, kisha uliza anataka kuona nini kimebadilika, mpaka lini, na mtakutana lini tena kuangalia. Mimi nilipewa wiki nne, na kikao kila Ijumaa mchana. Jioni ile ile nikamtumia barua pepe, nakala kwa ofisa utumishi. Haikuwa ndefu: "Nashukuru kwa mazungumzo ya leo. Nimeelewa mambo ya kurekebisha ni haya," nikayataja, nikaweka tarehe. Hakuna lawama ndani, hakuna vitisho vya sheria. Ila kuanzia hapo kulikuwa na maandishi yanayoonyesha nimeambiwa nini na nimepewa muda gani.

Mazungumzo ya mdomo peke yake yanasahaulika vibaya sana mwisho wa mwezi, msisahau hilo.

Kwenye kazi yenyewe nilibadilisha mambo mawili tu. Kila mzigo ukishuka nilifungua katoni moja ya kila aina, nikahesabu kwa mkono kabla ya kugusa mfumo, nikalinganisha na bin kadi, ile kadi ya stoo inayoandikwa mzigo ulioingia na kutoka. Na siku za kazi nikahamia kwa shangazi Kiwalani, nalala sebuleni, naenda Vingunguti kwa miguu. Haikuwa raha, lakini sikuchelewa tena.

Sasa sheria, kwa sababu hapa ndipo wengi wanajidanganya. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ina sehemu inayomlinda mfanyakazi asiachishwe kazi kwa uonevu, lakini sehemu hiyo haimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo. Ukitolewa mwezi wa tatu, mlango mkubwa ambao wenzako wa zamani wangeupitia kwako umefungwa. Kinachokusaidia zaidi ni kanuni za utendaji bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Na. 42. Zinamtaka mwajiri amfuatilie mtu wa majaribio, akutane naye mara kwa mara, amwambie wasiwasi alio nao, amsikilize na ampe muda wa kutosha kurekebisha. Una haki hata ya kuwa na mwenzako wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kwenye kikao. Mimi nilipokuwa naomba kikao nilikuwa naomba kitu ambacho mwajiri alipaswa kunipa. Sikumwambia hivyo, wala haikuhitajika, lakini kujua kulinipa ujasiri wa kugonga mlango.

Kuna jambo jingine limenikaa moyoni. Tuliajiriwa siku moja na kijana wa upande wa hesabu. Naye aliitwa, akakuta barua ya kuacha kazi imeshachapwa, akaambiwa asaini ili asichafue jina lake. Akasaini pale pale. Aliniambia baadaye, "Niliona aibu, nikataka tu nitoke mle ndani." Akisaini hiyo, kwenye makaratasi yeye ndiye aliyeacha, na malipo ya notisi hakuyaona. Nawasihi, msisaini chochote siku hiyo hiyo. Sema kwa heshima, "Naomba nikaisome nyumbani, nitaileta kesho." Kama kuacha ni uamuzi wako mwenyewe, sawa, acha kwa notisi na kwa barua uliyoiandika wewe. Ile iliyochapwa na mwingine iache mezani.

Miezi mitatu ilipokwisha sikuthibitishwa. Waliniongezea miwili. Nililia njia nzima mpaka kwa shangazi, nikiona kama nimehukumiwa. Kumbe kanuni zinaruhusu kuongeza muda baada ya kuzungumza na mfanyakazi, ila majaribio yote kwa kawaida yasizidi miezi 12. Mwisho wa ile miwili barua ya uthibitisho ilikuja. Na msikae kimya mkidhani muda ukipita mmeshathibitishwa wenyewe. Mahakama ya Rufani ilishaeleza kwamba kumalizika kwa muda wa majaribio peke yake hakumfanyi mtu awe amethibitishwa. Ulizia barua.

Na kama wakati unasoma hapa umeshaachishwa, bado kuna vya kudai. Mshahara wa siku ulizofanya kazi ni wako. Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi si chini ya siku 28, ila ndani ya mwezi wa kwanza ni siku 7, na asipokupa muda huo akulipe fedha yake. Kama walikutoa mkoa mwingine kuja kufanya kazi, ulizia gharama za kukurudisha ulikoajiriwa. Dai pia cheti cha utumishi, utakihitaji unapoomba kazi nyingine. Kiinua mgongo usikiweke kwenye hesabu, kinataka uwe umetimiza miezi 12.

Aliyetolewa kwa sababu ya ujauzito, dini, kabila, jinsia au hali ya VVU, huo ni ubaguzi, na katazo la ubaguzi halisubiri miezi 6. Hata anayeomba kazi linamlinda.

Madai yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kwa fomu namba 1. Mgogoro wa kuachishwa kazi una siku 30 tangu siku uliyoachishwa, mingine siku 60. Leo hii chukua barua yako, itazame tarehe, uhesabu.