Kwa fundi mgeni wa sola ya mtaa: anza na jioni

Vijana wengi wanaojiunga nasi kwenye umeme wa jua wa mtaa huuliza kwanza paneli ni ngapi. Swali hilo lina wakati wake. Mombasa jua tunalo, hata masika ya Aprili na Mei hayalifuti kabisa. Kazi ipo usiku, watu wote wakiwa nyumbani na kila kinachowaka kikitegemea betri. Kwa hiyo kabla hujashika koleo, kaa mtaani kuanzia magharibi hadi saa nne usiku, uone nani anawasha nini.

Halafu piga hesabu. Tuseme betri ya mtaa mzima ni ya kilowati-saa 20 (kilowati-saa moja ni umeme unaoliwa na kifaa cha wati 1,000 kwa saa moja). Ukiacha akiba ya asilimia 20, unabaki na 16. Nyumba 20, kila moja ikila nusu kilowati-saa usiku kwa taa, feni, runinga na simu, tayari 10 zimekwenda. Sita zinazobaki ni za friza za samaki na taa za njiani. Sasa pasi ya wati 1,000, ikikaa na moto nusu saa mfululizo, inakula fungu la nyumba nzima la usiku huo. Jumapili jioni sare za shule hupigwa pasi nyumba kwa nyumba, na ndipo mtaa huzimika.

Usikimbilie kukataza. Keti barazani na kina mama, mkubaliane pasi zipigwe saa nane mchana, wakati betri imejaa na jua la ziada halina pa kwenda. Pampu ya kisima nayo iendeshwe mchana. Mwenye friza mshauri ajaze chupa za maji katikati ya samaki: zikiganda mchana, mota itapumzika usiku. Kwangu mimi makubaliano haya yana thamani kuliko paneli mbili za nyongeza.

Jambo la pili ni kuisoma betri. Ukizoea zile za risasi na asidi, kama za gari, utataka kupima volti useme imebaki nusu. Kwa betri ya lithiamu ya chuma na fosfeti, njia hiyo itakudanganya. Seli 16, yaani vibetri vya ndani, zilizounganishwa mfululizo hukaa karibu na volti 52 au 53 muda mrefu, kisha chaji inapokaribia kuisha volti hushuka ghafla. Tegemea kihesabu kinachopima umeme unaoingia na unaotoka, na kila baada ya muda iache betri ijae kabisa ili hesabu ijirekebishe na seli zilingane. Seli moja ikidhoofika, zote husimama nayo.

Chumba cha betri kisiwe boksi la mabati. Januari hadi Machi joto letu hupita nyuzi 30 nje, kwenye kivuli; ndani ya mabati ni zaidi, na betri ya risasi hupoteza takriban nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 juu ya 25. Jenga kwa mawe, weka matundu ya hewa juu na chini, na yatazamane na upande usiopigwa na upepo wa bahari, kwa sababu chumvi hula vichwa vya nyaya. Ukiona ukijani kwenye shaba, zima, safisha, kaza upya.

Na usichomoe kiunganishi cha paneli umeme ukiwa unapita. Cheche ya umeme wa DC, ule unaokwenda upande mmoja tu, haikatiki kirahisi, na inachoma mkono. Zima swichi yake kwanza. Kufunga mitambo kwa malipo kunataka leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya. Fanya kazi chini ya fundi mwenye nayo hadi upate yako.

Mwisho, bandika ukutani karatasi ya utaratibu wa kukata, iliyopitishwa na mkutano wa mtaa: betri ikifika asilimia 30 zinakatwa soketi za majumbani, taa zinabaki, friza za samaki na dawa zinakatwa mwisho kabisa. Iandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, ili anayelinda zamu saa nane usiku asilazimike kukupigia simu.