Programu ya kuinstoli ama ya kwenye brauza? Tuliyoyaona dukani kwetu Amu

Tangu mambo ya eTIMS yaanze, ule mfumo wa KRA (mamlaka ya kodi ya Kenya) wa kutoa invoisi kielektroniki, kila mwenye duka ananiuliza hili: ninunue programu ya mauzo na hisabu ya kuinstoli kwenye kompyuta, ama hii ya kufungua kwa brauza na kulipia kila mwezi? Duka letu la hadiwea liko mtaa wa Langoni hapa Amu (Lamu) na tumetumia zote mbili, na zote zimetutia hasara kila moja kwa njia yake, so naandika nliyoyaona.

Tulianza na ya kuinstoli. Unalipa mara moja, fundi akaja na flashi akaiweka, jioni tunauza. Ilikuwa nyepesi wallahi, unabonyeza tu risiti imetoka, intaneti iwepo isiwepo. Tulichosahau ni kwamba sasa duka zima limeingia ndani ya sanduku moja, na bahari iko hapo nje. Hewa ya huku ina chumvi, feni ya kompyuta inaivuta kutwa na vyuma vya ndani vinashika kutu polepole bila mtu kujua. Siku moja mashine haikuwaka na diski nayo ikawa imekufa. Bakapu ya mwisho ilikuwa ya miezi saba nyuma. Stoki utahesabu upya, sawa, lakini madeni! Manahodha na mafundi wa nyumba wanachukua vitu wiki nzima wanalipa kazi ikiisha, tukakaa siku kumi mimi na mamangu tukipitia madaftari ya kaunta na kupigia watu mmoja mmoja, hebu tuambie twakudai ngapi. Wengi walisema kweli, Mungu awabariki. Pesa nyingine hatukuzipata mpaka leo.

Basi nkaapa sitaki tena kitu cha kukaa kwenye mashine, tukahamia brauza. Na raha yake ni ya kweli. Kakangu ana tawi Malindi, akifungua asubuhi anaona misumari na rangi iliyobaki Amu bila kunipigia simu, laptopu ikiharibika unaazima nyingine unatia paswadi kazi inaendelea, hakuna kumngoja fundi aje kuapdeti. Biashara yenye watu sehemu mbili, hapo ya kuinstoli peke yake haioni ndani.

Lakini Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikapata hitilafu wakati mmoja na intaneti ikawa inatambaa Afrika Mashariki yote. Mimi nko kaunta, nahodha mashua yake imepakiwa nusu, maji yanatoka, akichelewa atakwama mchangani mpaka yajae tena, na programu inazungusha kile kiduara tu haifunguki. Nkamwandikia kwa mkono. Na si mpaka nyaya zikatike, stima ikipotea dakika tano tu rauta inazima na duka limesimama.

Alafu malipo. Yetu ilikuwa dola 25 kwa mwezi. Januari 2024 dola ilipita shilingi 160, manake unatoa zaidi ya 4,000, na baadae mwaka huohuo iliposhuka karibu 129 kitu kilekile kikawa kama 3,200. Ukichelewa kulipa unafungiwa nje na hisabu zako ziko ndani. Hilo lilinikera kushinda yote.

Kwa hivo mimi naona swali la ipi ni ya kisasa halikusaidii. Angalia ni kazi gani kwako haiwezi kungoja, na nani mwengine anataka kuziona hisabu akiwa mbali. Kaunta haingoji, ripoti yangoja. Hata KRA kwenye eTIMS wameweka ya kuinstoli, wameweka ya kufungua mtandaoni, na *222# ya simu ya kawaida, na kwa wenye mifumo yao kuna OSCU ya aliye hewani muda wote na VSCU ya anaetoa invoisi nyingi na si lazima awe hewani kila saa. Na programu yoyote utakayochukua uliza kwanza kama inaunganika na eTIMS, manake tangu 1 Januari 2024 gharama isiyo na invoisi yake, ukiacha zile zilizosamehewa, haipunguzwi kwenye kodi yako ya mapato.

Mtu akija kukuuzia programu, zima rauta mbele yake alafu mwambie auze vitu vitatu. Za brauza ziko zinazoshika mauzo bila mtandao na kuyapandisha baadae, ni nzuri, ila ujue yanakaa ndani ya brauza yenyewe. Kijana wetu aliona kompyuta nzito akafuta historia na data zote, mauzo ya asubuhi nzima ambayo hayajafika kwenye seva yakapotea. Hakuna aliyekuwa amemwambia, simlaumu. Jaribu na printa yako pia, ya kuinstoli kawaida inatoa risiti moja kwa moja lakini brauza nyingi zinakufungulia dirisha la kuprinti kila mauzo na foleni inakuwa ndefu. Alafu mwambie akuonyeshe vile utatoa hisabu ZOTE kwa Excel siku ukitaka kuondoka, pamoja na madeni, si orodha ya bidhaa pekee. Akianza kuzunguka zunguka muage.

Ukiwa na gesti Shela usijisumbue, chukua ya brauza, wageni wenyewe wanabuku mtandaoni.

Sisi sahii kaunta ya Amu iko na ya kuinstoli inayopandisha mauzo mtandaoni yenyewe mtandao ukiwepo, na hesabu tunaziangalia kwa brauza. Kompyuta tumeitoa mlangoni, rauta imefungwa kwenye UPS (betri ya kushikilia stima ikipotea), na kila Alhamisi jioni bakapu inaingia kwenye diski ya nje inayolala nyumbani kwa mamangu Mkomani, si dukani. Kakangu Malindi amebaki na brauza tupu na hana shida, ana laini mbili za intaneti na wateja wake hawana mashua ya kuwahi maji.