Jina la mtoto wa kiume: na i au bila i?

Cheti changu cha kuzaliwa kinasema Rashid. Cheti cha kidato cha nne kinasema Rashidi. Herufi moja tu, tena nyembamba kuliko zote, lakini nilipopata kazi yangu ya kwanza ya kudumu ilinipeleka kwa wakili kuapa kwamba Rashid na Rashidi ni mtu mmoja. Mshahara wa kwanza ukangoja mpaka mihuri ikamilike. Kwa hiyo mke wangu alipojifungua mtoto wa kiume, wenzangu walikuwa wakiniuliza jina lina maana gani, mimi nawaza litaishia na nini.

Sina ugomvi na maana. Ila ukipekua orodha za majina ya kiume utaona maana zinarudiana: mwema, mwaminifu, mwenye kushukuru, aliyeongoka. Mkia wa jina ndio unaotofautiana, na ndio unaokuletea kazi.

Mdomo wa Kiswahili haupendi jina liishie hewani. Mwite mwanao Salim, jioni hiyohiyo atakuwa Salimu. Mwite Hassan, bibi yake atasema Hasani. Na irabu inayoongezwa haiokotwi ovyo. Jaribu kwa sauti: jina likifungwa kwa midomo linavuta u, kama Salimu, Rajabu, Yusufu, Ayubu. Likifungwa kwa ulimi linavuta i, kama Rashidi, Hamisi, Shabani, Omari. Wapo wakaidi, Nasoro mmojawapo, lakini wengi wamo kwenye njia hiyo na hakuna mwalimu aliyetufundisha. Omari hata mkazo umehama: Mwarabu anaukaza mwanzoni, sisi tunaukaza kwenye “ma”.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni huu: andika jina vile litakavyotamkwa na watu mtakaoishi nao. Mwalimu wa darasa la kwanza haandiki kilichomo kwenye cheti, anaandika alichosikia mtoto akiitwa. Najua wapo wanaoona Rashid bila i ndiyo ya kisomi zaidi, na ndugu zangu wa Unguja wataniambia kwao Khamis na Salim huandikwa hivyo tangu mababu. Sawa, kama ukoo mzima unaandika hivyo, endeleeni. Ugonjwa ni kuwa na tahajia mbili.

(Hamisi, kwa njia, ni “wa tano” kwa Kiarabu. Na sisi tuna Jumatano, halafu kesho yake tuna Alhamisi. Siku mbili za tano katika wiki moja, na hatujawahi kugombana.)

La pili, usilipime jina peke yake. Huku Tanzania jina la mtoto hufuatwa na la baba, kisha la babu, kwa hiyo mkia wake utagongana na kichwa cha baba. Issa Athumani ukilitamka haraka linakuwa neno moja, Issathumani. Hamza Abdallah vilevile. Si kosa, ila lisikie kwanza. Na kwa mtoto wa kiume kuna jambo zaidi: miaka thelathini ijayo jina hilohilo litakuwa la kati kwa watoto wake, wa kike na wa kiume. Humchagulii yeye peke yake.

Wengine huogopa majina yanayoishia na a, eti ni ya kike. Hiyo hofu si ya kwetu. Juma, Musa, Hamza, Luka, Elia na Baraka wote ni madume. Kwenye Kiarabu kuna jozi kama Salim na Salima, Rashid na Rashida, lakini hata huko Hamza na Talha ni wanaume. Tatizo huanzia ukivuka mipaka. Mwenzangu mmoja wa kazini, Yohana, alikwenda kusoma Ujerumani, na barua zote za bweni zikaja zikimwita bibie, maana kule Johanna ni mwanamke. Andrea naye ni mwanamume kwenye Biblia ya Kiswahili na kwa Waitaliano, lakini kwa Wajerumani ni mwanamke. Nisingeacha jina kwa sababu hiyo, lakini ningependa kulijua kabla.

Halafu kuna mkia uliokatwa. Abdul peke yake ni “mtumwa wa”. Wa nani? Lina maana likikamilika: Abdulkarim, Abdulrahman. Mtaa utamwita Dula hata ufanyeje, lakini kwenye cheti malizia sentensi.

Sasa sisi. Shangazi alitoka Pangani na jina lake mkononi: Nasoro, la marehemu baba yangu. Lakini kaka zangu walikwishanitangulia kulitumia, tuna akina Nasoro wawili, na ukiita mmoja wanaitika wote. Upande wa pili yuko baba mkwe, Mpare wa Same, mzee wa kanisa. Kwao jina halijakamilika bila “Eli” ndani yake, Elisante, Elirehema, kwa kuwa El ni Mungu kwa Kiebrania. Mke wangu alisilimu na mzee hakuleta neno, lakini kwenye jina la mjukuu nilijua ana lake moyoni.

Siku ya tano tukiwa tunakunja nepi ndipo mke wangu akasema, “Baba Fulani, mbona Ismaili lina El mkiani?” Na kweli. Ishmaeli wa Biblia, Ismail wa Kurani, maana yake Mungu anasikia. Mama yake kwenye Biblia ni Hajiri, kwetu Hajara. Hata yeye ana mikia miwili. Nikampigia baba mkwe. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Hilo tunalo na sisi.” Siku ya saba tukamnyoa nywele, tukachinja, jina likatangazwa.

Karani aliyejaza fomu aliniuliza bila kuinua kichwa, “Ismaili, na i au bila i?” Nilikuwa nimelisubiri swali hilo miaka kumi na moja. Nikamtajia herufi moja moja, nikasimama nyuma ya bega lake mpaka ya mwisho ikaandikwa.

Nikarudi nyumbani na karatasi yangu. Shangazi alikuwa barazani, mtoto kampakata, anambembeleza: “Lala, Sumaili, lala.” Nilivyolinda mkia wote ule, kichwa kimeondoka.