Muulize Mfamasia: Dripu nyeupe na macho ya manjano

SWALI: Mfamasia shikamoo. Mwanangu alizaliwa njiti akakatwa sehemu kubwa ya utumbo, sasa wiki ya sita analishwa kwa mshipa, kuna dripu nyeupe kama maziwa naambiwa ndo mafuta. Macho yameanza kuwa ya manjano, dokta anataka kubadilisha waweke yenye mafuta ya samaki. Jamani mafuta si mafuta tu? Na samaki kwa mtoto huyu si hatari? Mama K, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mama, na pole sana. Hapana, hayafanani kabisa. Hiyo nyeupe mara nyingi ni mafuta ya soya yaliyochanganywa na maji kwa kutumia mafuta ya kiini cha yai, ni ya siku nyingi, mojawapo inaitwa Intralipid, ilianzia Sweden miaka ya 1960 na imeokoa watu wengi, manake mtu asipopata mafuta kabisa ngozi inaharibika na mtoto hakui. Kwa mgonjwa wa siku chache baada ya upasuaji mi sina ugomvi nayo. Ila soya ina omega-6 nyingi, aina moja ya mafuta, na fitosteroli, vitu vya mimea ambavyo vikiingia mshipani wiki baada ya wiki vinahusishwa na nyongo kukwama kwenye ini la mtoto, ndo macho yanakuwa manjano.

Kuna mchanganyiko unaitwa SMOFlipid, soya ni asilimia 30 tu, mafuta mepesi ya aina ya nazi 30, zeituni 25, samaki 15. Omegaven yenyewe ni samaki tupu, Marekani waliiidhinisha 2018 kwa watoto wenye shida hiihii. Yamesafishwa mama, usiogope, ila kama kwenu kuna mtu mwenye mzio wa samaki, yai au soya mwambie dokta kabla hawajaanza.

Zikikosekana au bei ikishindikana muulize kuhusu kupunguza dozi ya soya, huwa wanashusha hadi karibu gramu 1 kwa kilo kwa siku huku wanafuatilia uzito. Tena muulize bilirubini ya direct, yaani kipimo cha damu cha ile rangi ya manjano nyongo inapokwama, iko ngapi na kama wamecheki maambukizi kwenye ule mpira wa mshipani, manake hata hayo yanaleta manjano. Na akiruhusu maziwa yako kwa mpira wa puani, hata matone, kamua mama kamua, utumbo ukifanya kazi kidogo ini linapumua. Ukiona mafuta yamejitenga juu ya chupa, yanaelea manjano, muite nesi saa hiyohiyo, hiyo isiingie kwa mtoto.