Re: Nimekwama kwenye The Caves of Steel, Biblia inaingiaje?

Salama mkuu. Unauliza The Caves of Steel, riwaya ya Isaac Asimov ya mauaji na roboti, inaingiliwaje na Biblia, na kama urukie mbele. Usiruke. Mimi niliruka, nikafika mwisho nikaona maana yake imenipita kando, ikabidi nirudi.

Anza na majina. Mpelelezi ni Elijah, yaani Eliya. Mkewe Jessie, jina kamili Jezebel, ndiye Yezebeli, yule malkia wa kwenye Biblia. Fungua 2 Wafalme 9 usome anavyojipaka wanja na kuchungulia dirishani, kisha rudi pale Elijah anapomwambia mkewe kwamba yule malkia hakuwa mbaya kiasi hicho, alikuwa mke mwaminifu tu kwa desturi za kwao. Mume anadhani anampoza. Kumbe mama wa watu alikuwa akilionea fahari kimyakimya lile jina la mwanamke mtundu, na toka hapo halitaji tena. Kwangu hiyo ndiyo sehemu tamu kuliko hata maiti.

Halafu mwangalie Daneel, yule roboti mwenye sura ya mtu. Kwake haki ni sheria zote kutekelezwa, basi. Elijah anamsimulia kisa cha Yohana 8, mwanamke aliyekuwa karibu kupigwa mawe. Kisa hicho kishike vizuri, simalizii uhondo.

Asimov alikitoa kitabu 1954, kwa hiyo mambo ya jiji lililofunikwa yana ukale kidogo, yasome harakaharaka. Ukifika kwenye miwani ya bosi wa polisi, punguza mwendo.